Kijana amebalehe na nyumba ni ileile: hatua kwa mzazi wa huku kwetu

Tangu junia sekondari ianze hapa Kenya Januari 2023 na kuwekwa ndani ya shule za msingi, watoto wengi wa miaka 12 mpaka 15 wanalala nyumbani. Enzi za mfumo wa zamani wa 8-4-4 mtoto wa Vihiga ama Nyakach akimaliza darasa la nane, kama amepata nafasi na karo imepatikana, anafunga sanduku anaenda boding fom wani, na ile miaka ya kununa na kujibizana nusu yake inamwangukia matron na mwalimu wa zamu. Sai gredi ya saba, nane na tisa zote ni wewe, jioni, kwa nyumba ileile ya Kaptembwo kule Nakuru ama Nyalenda kule Kisumu, na mwenyewe umetoka kazi miguu inauma. Ndio maana kila mahali wazazi wanauliza mbona mtoto wangu amebadilika ghafla hivi, hataki kukaa na sisi, anajibu kwa neno moja, ukiingia anageuza simu.

Hajakukataa. Masaa ya kukaa pamoja ndio yanapungua, na hayo yatapungua upende usipende, lakini stori za watu wawili, wewe na yeye, hizo si lazima zipungue, na kama kuna kitu cha kupigania hii miaka ni hicho. Hizi hatua zote zinazunguka hapo. Si lazima uzifuate kwa mpangilio, ila ya kwanza usiiruke juu ndio inapunguza hasira za bure.

Hatua ya 1: Jua saa imefika, na inafika mapema

Wasichana mwili unaanza kubadilika mahali kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Maana yake msichana wa gredi ya nne anaweza kuwa ameanza kuota matiti na bado anacheza bladaa na kati na wadogo wake, na wewe unaendelea kumvua nguo mbele ya watu umuogeshe kwa karai halafu unashangaa analia nini. Anza kumchukulia kama mtu mkubwa kidogo kabla hajakuomba.

Halafu kuna mambo ya usingizi, na hapa wazazi wengi wanagombana na mtoto kwa kitu ambacho si kosa lake. Kwa vijana ile homoni ya kuleta usingizi inachelewa kutoka usiku, kwa hivyo saa nne macho ni kavu kabisa, na saa kumi na moja asubuhi unapiga kelele "amka!" na yeye ni kama maiti. Anahitaji masaa 8 mpaka 10 na hapati, juu shule inamtaka mapema. Hio si uvivu. Kile unaweza kufanya ni kuzima taa na simu mapema kidogo, hombwaki ifanywe kabla ya chakula si baada, na Jumamosi mwache alale mpaka saa mbili saa tatu hivi. Usimwache mpaka saa saba mchana, hapo Jumapili usiku hatalala na Jumatatu vita inaanza upya.

Na ubongo pia. Ile sehemu ya kupanga na kufikiria matokeo inaendelea kukomaa mpaka mtu afike miaka ishirini na kitu. Kwa hivyo ukimuuliza "ulikuwa unafikiria nini ukiruka ukuta?" na akujibu "sijui", mara nyingi hapo hajakudanganya.

Hatua ya 2: Acha kuhesabu masaa, chunga taimu ya watu wawili

Kuna utafiti wa Reed Larson na wenzake ulitoka 1996, walifuata vijana 220 wa pembeni mwa Chicago huko Marekani, wakawapatia vile vipeja vya zamani, kikilia kijana anaandika ako wapi, na nani, anajisikia aje. Walipata kwamba kutoka miaka 10 hivi mpaka 18, ile sehemu ya siku ambayo mtoto ako macho na ako na familia ilishuka kutoka asilimia 35 mpaka 14. Hio ni zaidi ya nusu imeenda. Lakini muda wa kukaa yeye na mama peke yao, ama yeye na baba peke yao, huo haukushuka. Na kilichokuwa kinawatoa nyumbani zaidi ni mambo ya nje, marafiki, kazi, usafiri, kuliko ugomvi wa ndani.

Sawa, hao ni watoto wa Chicago na wengine walikuwa na magari, wetu wana boda na mguu. Lakini angalia kijana wa hapa Migosi ama wa Section 58 uone kama si vilevile, ako na mpira jioni, kwaya Jumamosi, gemu za PlayStation za shilingi kidogo pale kona, na beshte wake ndio sasa wanajua kila kitu.

Basi fanya hivi. Chagua kitu kimoja cha familia nzima kwa wiki ambacho hakijadiliwi, wengi wanachukua chakula cha mchana Jumapili, na hicho kimoja kishikilie kabisa, hata kama anakaa pale amenuna. Zingine zote mwachilie. Ukilazimisha kila jioni watu wote wakae sitingi rum waangalie habari pamoja utapata mwili wake tu, roho iko kwingine.

Halafu tafuta kazi za watu wawili. Huku kwetu tuna bahati ya kazi za mikono ambazo huwezi kufanya ukiwa kwa haraka, kuchambua saga na mrenda, kupepeta omena, kutoa mawe kwa maharagwe, kubeba mahindi mpaka posho na kungoja foleni. Kijana wa miaka 13 ukimkalisha mbele yako umtazame usoni umwambie "haya niambie kinachokusumbua" atakufa kwanza. Mkalishe pembeni yako, mikono ikiwa na kazi, macho yako kwa sufuria, na unyamaze kidogo, utashangaa. Wababa wanaosema hawajui kuongea na watoto wao nawaambia waende na kijana Kibuye Jumapili kutafuta viatu vya mitumba, msiende na mtu mwingine, mtembee taratibu, mle kitu njiani. Mambo ya maana atakwambia mkiwa mnarudi.

Sheria za hapo ni chache. Usianze na masomo. Akikuambia kitu kuhusu rafiki yake usirukie "si nilikuambia huyo ni mtoto mbaya", juu hapo umemfunza asikuambie tena. Na ile kitu amekuambia isionekane kwa chama, kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo, ama kwa shangazi Jumapili mkitoka kanisa, mkicheka. Watoto wanasamehe viboko haraka kuliko wanavyosamehe hio.

Hatua ya 3: Gawanya sheria zako kwa mafungu

Chukua karatasi kweli, usifanye kwa kichwa. Andika kila kitu ambacho mmegombania huu mwezi, halafu panga.

Fungu la kwanza ni la mambo ya usalama na utu. Kutukana mtu, kupiga mdogo wake, kuiba, pombe na bangi, kulala nje bila kusema, kupanda boda usiku na mtu hatumjui. Hapo hakuna mjadala na hakuna kuchoka kurudia.

Fungu la pili ni yale ya kuelewana. Saa ya kurudi, simu, pesa ya matumizi, kanisa, kazi za nyumba zake ni zipi na zifanywe lini. Hapa ndipo mzazi wa zamani anapata shida, juu ametoka kwa nyumba ambayo baba akisema imesemwa. Lakini mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake hata kwa kitu kidogo, akifika miaka 18 na aulizwe na rafiki "twende?" hana mazoezi yoyote ya kufikiria. Muulize, msikilize, halafu uamue wewe, na umwambie ni kwa nini umeamua hivyo.

Fungu la tatu ni lake. Nywele za likizo, muziki anasikiza, vile amepanga nguo kwa kona yake, rangi ya tishati, kama anataka kuitwa lile jina la mtaa. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Judith Smetana, amefuatilia hii kwa miaka mingi na alichoona ni kwamba ugomvi mwingi wa vijana na wazazi unatoka kwa vitu ambavyo mzazi anaona ni vya adabu na mtoto anaona ni vyangu binafsi. Sasa wewe unapigania dredi za Disemba kwa nguvu zilezile ungepigania bangi, na mtoto anaona basi kwako vyote ni kitu kimoja.

Ukimaliza, hesabu. Kama fungu la kwanza liko na vitu ishirini, rudi uanze tena.

Hatua ya 4: Faragha, hata kama ni singo rum

Hii nitakaa nayo kidogo juu vitabu vingi vinasema "bisha mlango wa chumba chake" na mimi nauliza chumba gani. Kaptembwo, Manyatta, Bondeni, watu watano wako kwa rum moja ya mabati, kuna pazia katikati, upande huu kitanda ya wazazi, upande ule kochi na godoro linalolazwa usiku. Mtoto akibalehe hapo anaenda wapi?

Zamani ilikuwa imepangwa. Kwa Waluo kijana alijengewa simba yake, yaani nyumba yake ndogo, ndani ya boma la baba, na wasichana walikuwa wanalala siwindhe, kwa nyumba ya mwanamke mzee, na huko ndiko walifundishwa mambo mengi ambayo mama hawezi kutamka. Waluhya nao kijana akishatahiriwa hakai tena ndani na mamake kama mtoto. Mjini hakuna nafasi ya simba, na watu wamejaribu njia zao. Kuna wanaokodishia vijana wakubwa keja ndogo kwa ploti hiohio. Inasaidia, lakini kwa maoni yangu kabla ya miaka 16 ni mapema sana, na hata baada ya hapo funguo ya pili ibaki na mzazi na kijana ajue iko, na chakula cha jioni kiliwe kwenu ndio kila siku umwone uso.

Kwa wale wa rum moja, hivi vitu havina gharama kubwa:

Panga zamu ya kuoga na kuvaa, na wakati msichana anavaa wote watoke nje hata kama ni mvua, simameni chini ya mabati mngoje. Baba akirudi apige hodi kwa sauti kabla ya kusukuma pazia, ndio, kwa nyumba yake mwenyewe.

Mpe kila mtoto mkubwa kitu kimoja kinachofungwa, sanduku la bati ama begi ya kufuli. Pedi zake, barua zake, daftari lake. Na usifungue. Kama unafikiri kuna bangi ndani mwambie afungue ukiwa hapo, usipekue akiwa shule halafu ujifanye hujui.

Tenga kona na saa ambayo haongeleshwi. Mwingine ni kusimama nje kwa ngazi na earphone masikioni baada ya chakula, na mzazi anaona ni maringo. Kwa nyumba ya watu watano hio ndio rum yake.

Na tafadhali acheni kusema mambo ya mwili wake mbele ya wageni. "Huyu sasa amekuwa mama kabisa, angalia" na shangazi wote wanageuka kuangalia kifua cha mtoto. Hapana jamani.

Hatua ya 5: Mkigombana, na mtagombana

Mwaka 1998 kuna watafiti walikusanya tafiti nyingi za ugomvi wa vijana na wazazi wakaziweka pamoja, na picha iliyotoka inafariji kiasi. Ugomvi ni mwingi zaidi mwanzoni mwa kubalehe, halafu idadi inashuka vile miaka inasonga, ingawa katikati hapo ile michache inayobaki inakuwa na moto zaidi. Mama ndiye anapigwa na upepo mwingi juu ndiye ako karibu na ndiye anasema osha, fagia, zima, amka.

Mbinu ninayoiamini ni kuchelewesha. Amerudi saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili na nusu, wewe umetetemeka, umetoka mpaka barabarani na tochi. Akiingia sema tu "umefika, chakula kiko hapo, tutaongea kesho." Hio pekee inamnyima usingizi kuliko mdomo wa saa nzima. Kesho yake mkiwa mnaosha vyombo inaenda namna hii:

"Jana tulikubaliana saa kumi na mbili na nusu. Ulifika saa mbili."

"Si gemu ilichelewa."

"Sawa, gemu ilichelewa. Mimi niliona giza na sikuwa na namba ya mtu yeyote ya kupiga. Tufanye aje?"

"Sijui."

"Fikiria, nimalize hizi sufuria."

"...Nitakuachia namba ya mamake Brayo."

"Na gemu ikichelewa tena?"

"Nitakuja tu. Hata kama haijaisha."

"Na usipokuja?"

"Basi nikae wiki moja bila mpira."

Ona yeye ndiye ametaja adhabu. Mara nyingi wanataja kali kuliko ile ungetoa, unaweza hata kuipunguza. Na ikifika siku ya kuitekeleza itekeleze bila hotuba.

Mengine ya haraka. Usimgombeze mbele ya wenzake ama mbele ya wateja kwa kibanda, subiri. Usimfananishe na binamu yake wa Eldoret. Usilete ya mwaka jana. Akifunga mlango kwa nguvu usifuate nyuma, mlango hauna deni na wewe. Na kama ni wewe umekosea mwambie "hapo nilikosea" na usimalizie na "lakini wewe pia".

Kiboko? Najua wengi wetu tumelelewa nacho. Kwa mtoto wa miaka 14 kinamfundisha kuficha vizuri zaidi, na akiwa mrefu kukuliko kuna siku atashika hio fimbo hewani na hapo hamtajua pa kuanzia.

Hatua ya 6: Simu

Masharti yawekwe kabla simu haijanunuliwa, si baada. Inalala wapi usiku (si kwa godoro lake), bando ni ya nani, nani anajua nambari ya siri, picha gani haitumwi kwa mtu yeyote hata akiomba aje. Andikeni mkiwa mnacheka, ukingoja mpaka kuwe na shida itakuwa ni hukumu.

Kusoma meseji zake kwa siri mimi sikubaliani nako, isipokuwa umeona dalili za hatari kweli, kama mtu mzima asiyejulikana anamtumia pesa. Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao mwaka 2000 kutoka Uswidi, waliangalia vijana wa miaka 14, wakapata kwamba mzazi anayejua mambo ya mtoto wake anajua zaidi kwa sababu mtoto mwenyewe ameamua kumwambia, kuliko kwa sababu mzazi anapeleleza na kubana. Sasa ukichunguza simu usiku na akajua, umepata meseji za wiki moja na umepoteza stori za miaka mitatu.

Na wewe mwenyewe weka simu chini mkila. Mtoto hawezi kuambiwa TikTok inaharibu akili na mtu anayeangalia TikTok.

Hatua ya 7: Mwili, mapenzi na tohara

Nani aongee? Mila zetu nyingi za magharibi mwa Kenya zilimwachia nyanya na babu, juu mjukuu na nyanya wanataniana na hakuna aibu, lakini mama na mtoto wa kiume, ama baba na binti, maneno yanakwama kooni. Hio njia bado inafanya kazi kama nyanya yuko karibu na anajua mambo ya sai. Kama hayuko tafuta mtu, shangazi, mke wa mjomba, mwalimu wa kanisa unayemwamini, na umwambie wazi unataka aongee nini. Usiseme tu "muongeleshe". Na ukishampata bado ile ya msingi useme wewe, hata kwa aibu, hata ukiangalia ukuta.

Pedi ziwe kwa nyumba kabla hedhi haijaanza, na zikae mahali anajua. Sheria ilibadilishwa 2017 serikali itoe pedi kwa wasichana wa shule za umma, lakini usipange mwezi wako kwa kutegemea hio. Mpe baba pia kazi ya kununua siku moja moja, binti akiona baba ametoka duka na pakiti mkononi bila kuficha kwa gazeti, nusu ya aibu imeisha.

Mvulana naye aambiwe kuhusu ndoto nyevu na sauti kuvunjika kabla hayajamfikia, wengi wanaachwa wajue kwa wenzao. Na aambiwe sheria. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 mtu chini ya miaka 18 hawezi kukubali kufanya mapenzi, na wakipatana wawili wote ni watoto, mara nyingi ni mvulana anayepelekwa polisi. Msichana aambiwe hivyohivyo kuhusu watu wazima wenye boda na zawadi ndogondogo, kwamba kosa si lake na anaweza kusema nyumbani bila kuchapwa.

Sasa tohara. Kwa Wabukusu msimu unaangukia Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kwingine wengi wanapelekwa hospitali Disemba. Kisumu na Nyanza kwa jumla, tangu 2008 mpango wa tohara ya hospitali umefikia vijana wengi ambao kwao mila haikuwa hivyo. Popote ilipofanyika, kuna kitu wamama wananong'onezana, kijana anarudi ameambiwa wewe sasa ni mwanaume na anafikiri maana yake ni kutoosha sahani na kutoambiwa kitu na mama. Usingoje arudi namna hio. Kabla ya siku yenyewe baba ama mjomba aende kwa yule atakayemtunza na kumfundisha, waelewane ni nini ataambiwa kuhusu mama na dada zake na kazi za nyumba. Neno la kuheshimu mama likisemwa na mwanaume anayemstahi, siku zile anauguza kidonda, linakaa. Mama akilisema peke yake Septemba ni kelele. Na nyumba nayo imwonyeshe amekua kwa kitu cha kweli, saa ya kurudi isogezwe kidogo, apewe jukumu la ng'ombe ama la kulipa tokeni za stima, juu ukimwambia amekuwa mkubwa na kila kitu kibaki vilevile ataenda kuutafuta ukubwa kwingine.

Hatua ya 8: Mzazi mmoja akiwa mbali

Familia nyingi hapa baba ako Nairobi ama mama ako Uarabuni. Ukipiga simu kila mara ni "masomo iko aje, unasaidia nyanya?" unakuwa kama mwenye ploti anayefuata kodi, na mtoto anajibu kama mpangaji. Piga umwambie kitu chako, kazi ilikuwa aje leo, kitu kilikuchekesha. Piga yeye peke yake, usimalizie kwake baada ya kuongea na watu wote na salio limebaki sekunde. Na maamuzi makubwa yasitolewe na yule wa mbali bila yule anayelala na mtoto kujua, vijana wanaona huo mwanya haraka sana.

Hatua ya 9: Jua ile ambayo si ujana tu

Kununa ni kawaida, kutaka kukaa peke yake ni kawaida. Lakini kama kwa wiki mbili ama zaidi halali ama analala tu, hali chakula, ameacha hata ile mpira aliyopenda, alama zimeporomoka, anasema afadhali nisingekuwepo, ana vidonda mkononi anaficha kwa mikono mirefu, ama ana pesa na vitu hujui vimetoka wapi, hapo acha hizi hatua zingine na utafute msaada. Nambari 116 ni ya watoto, ni bure, na mzazi pia anaweza kupiga. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, pia bure. Kama amebakwa mpeleke hospitali kabla ya masaa 72 kuisha juu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi ndani ya huo muda, na usimwogeshe kwanza wala usikae kikao cha wazee kwanza.

Akisema anataka kufa usimwambie anatafuta umakini. Muulize moja kwa moja na ukae naye.

Hatua ya 10: Akienda boding gredi ya kumi na akirudi

Kundi la kwanza la gredi ya kumi limeingia sinia sekondari Januari 2026, kwa hivyo wengi mtaanza kuona hii. Mtoto mmezoeana kugombana naye jioni anaondoka, nyumba inanyamaza, halafu anarudi likizo na sauti nyingine na misamiati mingine na anakaa kama mgeni. Siku mbili za kwanza mlishe na umwache alale. Ripoti fomu iko kwa begi, haiendi popote, iulize siku ya tatu. Kazi zake za zamani usimrudishie zote kwa mkupuo, muulize anataka kushika ipi, na wadogo zake waliochukua kona yake wakati hayupo muelewane nao kabla hajafika, juu hapo ndipo vita vya likizo huanzia, kwa godoro.

Siku ya kutembelewa shuleni najua mnataka kwenda wote na kuku na chapati na nyanya na majirani. Nendeni wawili, ama mmoja. Saa moja na nusu chini ya mti na mtu mmoja inamtosha na ndani yake atasema kitu. Wengine watamwona likizo.